Ombi la Kuulizwa Mara Tatu, Pamoja na Malalamiko Juu ya Dumu Lililoandikishwa Kuwa Ndege

Ziwa Halvor,
Kaskazini mwa Minnesota.
11 Juni

Kwa Bibi Msimamizi,
Mfuko wa Wanyamapori Wasiowindwa,
Makao Makuu ya Jimbo.

Bibi Msimamizi mpendwa,

Naanza kwa kuomba radhi. Najua una kazi nyingi, na mimi si mtu wa kulalamika. Katika miaka sabini na mitatu ya maisha yangu nimelalamika mara moja tu, kwa daktari wa meno, na hata hapo nilisubiri amalize kwanza, nikamshukuru, nikafika nyumbani, ndipo nikamwandikia. Kwa hiyo ukiona nimeshika kalamu, ujue maji yamenifika shingoni.

Jina langu ni Verlyn Tollefsrud, fundi bomba mstaafu. Mimi ni mmoja wa wale wanaojaza ule mstari wa hiari kwenye fomu ya kodi ya mapato ya jimbo, ule wa chini kabisa wenye picha ndogo ya ndege, ambapo mtu huandika ni dola ngapi apende zikatwe ziende kuwatunza wanyama ambao hakuna anayewakatia leseni ya kuwinda: luni, yule ndege wetu wa ziwani mweusi mwenye madoa meupe, popo, kobe, vyura, na wote ambao Mungu aliwaumba bila kuwatia ladha. Nimeujaza mstari huo miaka thelathini na minne mfululizo, dola kumi kila mwaka, na sijamwambia mtu yeyote. Nakuomba nawe usimwambie mtu. Na hilo, Bibi Msimamizi, ndilo lalamiko langu la kwanza.

1. Kwamba hakuna anayejua.

Jirani yangu, Bwana Randall Pruett, alihamia hapa kutoka Texas miaka miwili iliyopita. Alipofika tu akainunulia gari yake ile namba maalumu yenye picha ya luni. Najua kwamba pesa ya namba hizo nayo huja kwenu, wala sina neno nayo. Lakini yeye sadaka yake anatembea nayo nyuma ya gari! Kila Jumapili anaegesha mbele ya kanisa, na kila Jumapili Bi. LaVonne Skogerboe, mwenyekiti wa Chama cha Wakazi wa Ziwa, anasimama na kikombe chake cha kahawa na kusema, "Jamani, Randall, wewe unawapenda ndege kweli." Na mimi nimesimama hapo hapo nyuma yao, na miaka yangu thelathini na minne tumboni, nakunywa kahawa kimya kama nilivyolelewa.

Naomba ofisi yako iwajulishe watu, ila isionekane kwamba nimeomba. Nimefikiria njia. Ofisa wako mmoja anaweza kupita kanisani tarehe 23 Juni baada ya ibada, ajifanye amepotea njia, aulize barabara, na katika kutoa miwani mfukoni aangushe karatasi yenye jina langu na michango yangu yote. Bi. LaVonne ataiokota. Bi. LaVonne huokota kila kitu, na husoma kwa sauti. Kama ofisa hapatikani, barua iliyokosea sanduku la posta ikaingia la kwake itafaa vilevile.

2. Kwamba sikuulizwa mara ya tatu.

Hapa naomba uvumilivu wako, maana ndipo penye kidonda.

Kama ujuavyo, kila ziwa lina mtu wa kujitolea anayekaa ufukweni majira yote ya joto, akihesabu luni, akiandika, kisha akawaletea ninyi hesabu. Kwenye ziwa letu mtu huyo alikuwa mke wangu, Ardis. Alihesabu miaka ishirini na miwili. Mwandiko wake mnao huko, ule uliolala upande kama unapigwa na upepo. Ardis alifariki Oktoba iliyopita.

Mwezi Mei, Jumamosi ya kwanza baada ya barafu kuyeyuka, chama kilikutana katika chumba cha chini cha kanisa kuchagua mwingine. Bi. LaVonne akasimama, akasema, "Verlyn, utatuhesabia luni?" Mimi nikajibu kama ambavyo mtu yeyote mwenye wazazi angejibu: "Aa, hapana, wapo wanaofaa kuliko mimi." Akauliza tena, "Verlyn, kweli hutaki?" Nikasema, "Msijisumbue na mimi jamani." Hiyo ni ya pili. Bibi Msimamizi, wewe ni mtu wa hapa. Unajua kinachofuata. Ya tatu ndipo mtu anajikuna shingo, anatazama viatu vyake, anasema, "Haya basi, kama hakuna mwingine." Chumba kizima kilikuwa kinasubiri ya tatu. Bi. LaVonne alishafungua mdomo. Mkono wangu ulishafika shingoni!

Ndipo Randall Pruett akaruka kutoka kitini. "Mwacheni mzee wa watu, si amesema hataki? Nipeni mimi! Sina kazi yoyote mimi."

Hakukuwa na la kufanya. Mtu akishasema ndiyo waziwazi namna ile, nani ana uso wa kumwambia hapana? Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Nilipiga kuliko wote, kwa sababu nilikuwa na hasira.

Dalili tulikuwa nayo, ila tuliipuuza. Unajua kipande cha mwisho cha keki kwenye mikutano yetu: mmoja anakata nusu na kuacha nusu, anayefuata anakata nusu ya nusu, mpaka kinabaki kijipande ambacho hata sisimizi angekiona ni utani, na hicho hakiliwi, kinafunikwa, kinarudi na mwenye sahani. Siku ile, saa moja kabla ya uchaguzi, Randall alikichukua kipande cha mwisho kizima. Akala. Akasema, "Keki tamu hii, nani kapika?" Hatukusema kitu. Tungesema pale pale, haya yote yasingetokea.

Sisemi kwamba ni mtu mbaya. Majira ya baridi alipanda juu ya paa langu akaondoa theluji yote, na wala hakuniuliza hata mara moja, sembuse tatu. Nasema tu kwamba hasikii.

Na sasa Bi. LaVonne ameniletea barua, tena yenye maua pembeni, kwamba ifikapo Ijumaa nimkabidhi Randall daftari la Ardis, kwa kuwa daftari ni la kazi na si la mtu. Nimelisoma lote mara mbili tangu barua ije. Limejaa luni, na upepo, na mimi. "Juni 20. Luni wanne. Upepo wa magharibi. V. anakata nyasi, kelele tupu." "Agosti 2. Luni watano. V. ameanguka kutoka gatini, luni wameondoka." Katika miaka ishirini na miwili nimo mara mia moja na arobaini, na karibu zote ni kelele. Sitaki kulitoa, Bibi Msimamizi. Naandika wazi: sitaki, na roho inaniuma. Mwenye kazi ndiye mwenye daftari, kwa hiyo naitaka kazi.

3. Kwamba dumu langu ni ndege.

Hesabu ya kwanza ya Randall, ambayo naamini imekwisha kufika mezani kwako, inasema ziwa letu lina luni tisa wakubwa. Wako watano. Nimewafuatilia hao wanne waliozidi. Watatu ni bata wa mbao wa Orville Maki, wale wa kudanganyia bata wakati wa kuwinda, aliowasahau penye matete tangu mwaka jana. Wa nne ni dumu langu la oili.

Dumu hilo ni jeusi, lina vibandiko vyeupe vilivyochanika, na linaelea hatua kumi na tano kutoka gati langu kuonyesha mahali penye jiwe. Randall ameandika juu yake: "Mtulivu sana. Nadhani analalia mayai." Tarehe nne Juni upepo ulibandua kibandiko kimoja, naye akaandika kwamba ameanza kubadilisha manyoya.

Kijitabu chenu kinatuelekeza tusisogelee kiota cha luni kwa chini ya hatua hamsini. Mimi ni mtu wa sheria. Boti yangu imefungwa gatini, ndani ya hizo hatua hamsini, na kwa wiki tatu sijaigusa. Navua nikiwa nimekaa juu ya ndoo upande wa pili wa ziwa, mbele ya nyumba ya wageni, ambao hunipiga picha.

Utaniuliza kwa nini sijamwambia. Nilikaribia sana. Juzi aliniita kutoka kwake, machozi yakimlengalenga: "Mzee Verlyn, umemwona yule mama? Siku ya kumi na nane hajatoka kwenye mayai! Hakuli, hanywi! Huo ndio upendo, mzee!" Nilimwambia, "Ni jambo la aina yake, kweli," nikaingia ndani.

Naomba dumu lifutwe kwenye orodha ya jimbo. Kama ofisi itaona ni vema libaki, naomba nijulishwe mayai yake yanatarajiwa kuanguliwa lini, nijipange.

4. Kwamba sehemu yangu ya ndege inahesabiwa na mtu mwingine.

Nimekaa mezani na penseli. Nimechukua michango yangu ya miaka thelathini na minne, nikaipima na ya wakazi wengine wa ziwa hili kadiri ninavyowajua, na ninawajua. Jibu nililopata ni kwamba kati ya luni watano tulionao, mmoja na nusu ni wangu. Sijidai. Ni hesabu tu.

Kwa hiyo naomba Randall aelekezwe kuhesabu luni watatu na nusu, asivuke hapo. Huyo mmoja na nusu nitamhesabu mimi, kimyakimya, bila cheo, nikiwa na daftari ambalo tayari liko nyumbani na halina sababu ya kuhamishwa. Ni nusu ipi ya yule ndege iwe yangu, nawaachia wataalamu. Kama kuna nafasi ya kuchagua, ningependa ya mbele, kwa kuwa ndiyo inayolia.

5. Kwamba fomu yenyewe haina adabu.

Nimetafakari kwa nini wakazi wachache wa jimbo letu huujaza ule mstari, ilhali hakuna mtu hapa asiyempenda luni. Sababu nimeigundua. Fomu inauliza mara moja tu! Mtu wa kwetu anaulizwa ghafla, "Ungependa kutoa?" Lazima aseme hapana, ndivyo alivyofundishwa kusema akiulizwa kitu chochote kwa mara ya kwanza, hata kama ni maji na nyumba inaungua. Fomu inamwamini, inaendelea na mstari unaofuata. Imefanya kama Randall tu.

Napendekeza mistari mitatu. Wa kwanza uulize, "Ungependa kuwapa ndege?" na uwe na nafasi ya kuandika "Hapana, asante." Wa pili uulize, "Una hakika? Si usumbufu hata kidogo," na nafasi ya kuandika "Msijisumbue." Wa tatu uulize, "Basi kidogo tu?" Hapo, Bibi Msimamizi, mtaokota pesa kwa koleo.

Hata ndege wenyewe wanalijua hilo. Ardis ameandika katika daftari, zaidi ya mara moja, kwamba luni wa upande wa mashariki huita mara tatu kabla ya mwenzake kuitika. Mwenzake amelelewa vizuri.

Ofisi ya kodi nayo ijifunze. Mwezi uliopita wameniletea hundi ya marejesho. Nimeirudisha na kikaratasi kisemacho "Jamani, mmezidisha." Wakaileta tena. Nikairudisha tena. Nasubiri ya tatu. Mpaka leo kimya, na mambo ya kunyamaziana namna hii hayafai kati ya serikali na raia.

6. Kwamba mpaka wetu uko wazi.

Mwisho, na nalitaja hili kwa upole, naomba mzungumze na wanaohusika ili kila anayehamia kutoka majimbo mengine awekwe katika chumba chenye meza, watu kumi na wawili wasiosema kitu, na kipande kimoja cha mwisho cha keki. Asikiguse kwa saa mbili ndipo apewe makazi. Hao hao kumi na wawili wanaweza kutoka kwenye chama chetu. Mimi najitolea. Yaani, mkiniuliza nitakataa, lakini unaelewa.

Nafika mwisho, Bibi Msimamizi. Kama yote sita hayawezekani, basi nikubalie lile la pili tu, la daftari na kazi, kabla ya Ijumaa. Mengine naweza kuyavumilia, na dumu tunaweza kulizoea.

Wasalimie wote hapo ofisini. Msalimie yule dada anayepokea simu, tuliyeagana naye siku nilipopiga kuuliza anwani kwa dakika ishirini na tano, na ambaye nadhani bado hajakata. Wasalimie vijana wanaotengeneza majukwaa ya viota. Wasalimie popo, na kobe, na vyura, kama mna njia ya kuwafikishia. Msalimie na mwenzio nyumbani, kama yupo, na kama hayupo, basi pole.

Ni mimi, nisiye na haraka wala madai,
Verlyn Tollefsrud

Nyongeza: Nilikuwa nimeshabandika stempu, na bei ya stempu siku hizi si ya kuchezea, ndipo nikakumbuka kwamba sikuambatisha ushahidi. Nikashuka chini ya nyumba kwenye kasha la kodi. Fomu zetu alizijaza Ardis. Kazi yangu ilikuwa kutia saini nilipoonyeshwa kwa kidole. Kila Machi alikuwa akiniuliza kutoka mezani, "Verlyn, tuwape ndege?" Hilo la kuuliza nalikumbuka vizuri. Jibu langu nilikuwa nimelisahau, lakini yeye kaliweka. Kwenye kila nakala, pembeni mwa ule mstari, ameandika kwa penseli: "V. kasema hapana. Nimewapa." Mwaka unaofuata: "V. kasema hapana. Nimewapa." Mwaka mmoja: "V. kasema hapana, kwa ukali. Nimewapa ishirini." Miaka thelathini na minne, Bibi Msimamizi. Na sitakudanganya, hapana zile hazikuwa za adabu. Zilikuwa hapana. Nilitaka mashine mpya ya kutobolea barafu ya ziwa, ya kuvulia samaki majira ya baridi.

Fomu ya mwaka huu ndiyo ya kwanza niliyoijaza mwenyewe. Ule mstari nimeuruka. Sikujua hata uko wapi. Uko katikati, si chini kabisa kama nilivyokuandikia. Kwa hiyo katika yule luni mmoja na nusu, hata unyoya mmoja si wangu. Nimekaa kwenye ngazi na hizo karatasi magotini, nikalia, kwa kuwa nilikuwa peke yangu.

Simu ikalia. Randall, anapiga kelele kama nyumba inaungua: "Mzee Verlyn! Wameanguliwa! Wawili! Sijatulia mzee! Si yule wa gatini kwako, yule bado anavumilia, hawa ni wa kule kwenye kisiwa. Njoo basi, njoo na daftari, ukae hapa uandike wewe. Mimi sijui mama Ardis alikuwa anaandika nini siku kama hii." Hakumaliza, nilishasema ndiyo. Nilisema kwa sauti kubwa, peke yangu katika nyumba, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

Tafadhali futa malalamiko yote, la kwanza mpaka la sita. Dumu lenyewe libaki kwenye orodha kwanza. Sina moyo wa kumwambia leo. Na kama fomu ya mwaka huu bado inaweza kurekebishwa, nitumie nyingine. Uniulize mara moja tu.